Nilinunua kwa siri bao nililopewa kulinadi

Barua ya wiki hii imetoka Kigoma. Jina la mwandishi tumeliacha, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha tumeyabadilisha kwa ridhaa yake.

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kigoma mjini na nina duka dogo la vifaa vya shule maeneo ya Mwanga. Ninachokuandikia wengine watakiona kitu kidogo. Mume wangu ndivyo anavyokiona. Lakini hii ni wiki ya tatu usingizi wangu ni wa kukatika katika, na kila nikipita sebuleni nikaliona lile bao limeegemea ukuta, nageuza uso.

Miaka minne iliyopita nilianzisha kundi la WhatsApp la kuuziana michezo ya mezani iliyotumika. Kijana mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi za misaada huko Kasulu alimaliza mkataba, akaniomba nimuuzie katoni mbili za michezo ambayo asingeweza kupanda nayo ndege. Mlikuwa na Scrabble, Monopoly, chesi ya mbao na mchezo wa Kijerumani unaoitwa Catan. Sikujua bei za vitu hivyo. Nikapiga picha, nikawatumia watu kumi na wawili niliowafahamu, nikasema atakayepanda dau kubwa ndiye atakayechukua. Leo tuko 140. Wengine wako Kasulu, Kibondo, Uvinza, hata Tabora, na mzigo wa Tabora tunaupakia kwenye treni.

Naomba nieleze taratibu zetu ili unielewe. Muuzaji ananiletea mchezo dukani. Naumwaga mezani na kuhesabu kila kitu: Scrabble iwe na vigae 100, chesi vipande 32, Monopoly hati 28 za viwanja, Catan kadi 95 za mali. Kilichopungua nakiandika chini ya picha. Muuzaji anataja bei ya kuanzia, halafu ananiambia mimi peke yangu bei ya chini, ile ambayo isipofikiwa hauzi. Hiyo kundi haliijui mpaka mnada uishe. Tunafungua Ijumaa jioni, tunafunga Jumapili saa 3:00 usiku. Dau linapanda kwa 2,000 au zaidi. Mtu akipanda ndani ya dakika tano za mwisho, muda unaongezwa dakika tano nyingine, ili asitokee wa kuvizia sekunde ya mwisho akawapora wenzake. Saa inayohesabika ni ya simu yangu. Kwa kila kilichouzwa nachukua 1,000 ya bando, na sijawahi kula zaidi ya hapo. Mwaka juzi Monopoly moja ilifika Kibondo ikiwa na hati 25, kumbe mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Nilimrudishia mnunuzi hela yake yote kutoka mfukoni mwangu.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Ujiji, mwalimu mstaafu, aliniletea bao. Anahamia Dodoma kwa binti yake na hawezi kubeba kila kitu. Bao la mninga, zito, mashimo 32 yamelainishwa na vidole vya watu mpaka yanang'aa, nyumba zote mbili, yaani shimo kuu la kila mchezaji, zimechongwa mraba. Kete za komwe ziko 63, na ya 64 ni kifungo cheusi cha koti. Akaniambia, "Andika hivyo hivyo mwanangu, usimfiche mtu." Bei ya kuanzia 30,000. Bei ya chini 60,000.

Mama, babu yangu mzaa mama alikuwa mchezaji wa bao Ujiji. Barazani wasichana hatukukaa. Lakini usiku, wageni wakishaondoka, alinichukua uani akanifundisha: kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake, 22 zibaki mkononi, ndipo unaanza kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Alipofariki bao lake liliuzwa, sijui lilikwenda wapi. Sisemi kwamba hili ndilo. Ila nilipoingiza vidole kwenye yale mashimo nililitaka kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu.

Ningeweza kumwambia mzee. Niliona aibu. Nilijua angenipunguzia, au angenipa bure, na watu wangesema admini anajichagulia vizuri kabla ya wengine. Kuweka dau kwa jina langu haikukatazwa mahali popote, lakini sikuthubutu. Nikamwomba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aweke kwa namba yake. Nikampa kikomo cha 80,000. Na hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea. Nilimwambia, "Ikifika 60,000 weka 62,000 utulie, hapo imeshatosha."

Jumapili ile kinyozi mmoja wa Gungu alipanda hadi 60,000. Ni kijana mstaarabu. Huweka michezo nje ya kibanda chake, wateja wanacheza wakisubiri zamu, na jioni watoto wa mtaa wanajaa pale. Saa 2:50 mdogo wangu akaweka 62,000. Kimya. Nilikuwa nimeshaandika neno "Imefungwa", kidole kiko tayari. Ilipofika 3:00 nikatuma. Chini yake tu ikaingia ya kinyozi: 70,000. Akatuma skrinishoti. Kwenye simu yake ujumbe wake ni wa 2:59, tena uko juu ya wangu. Kwenye simu yangu ni 3:00. Nikamjibu kwamba saa ni ya admini. Akaandika, "Sawa dada, nakubali, mtandao umeniangusha." Baadaye akaniambia inboksi kwamba angefika 90,000.

Mama, mara mbili huko nyuma jambo kama hilo liliwatokea wengine, na mara zote mbili niliongeza dakika tano.

Mzee alipokea 62,000 zake akaniombea dua. Kwa hesabu yangu nimemdhulumu 28,000. Mume wangu anasema sheria ya kundi ni saa yangu, na saa yangu ilisema tatu kamili. Mzee alitaka 60,000 akapata zaidi. Natafuta kesi ya nini? Anasema nikifungua mdomo kundi litavunjika na duka litayumba, maana wateja wangu wengi wametokea humo. Na juzi mdogo wangu kanitumia ujumbe: "Dada, ile chesi ya Jumapili hii bei yake ya chini ngapi?" Nilipousoma mwili ulinisisimka.

Mzee anaondoka mwisho wa mwezi. Ninyamaze? Nimwambie yeye peke yake? Nirudishe bao? Niliambie kundi zima? Nisaidie mama yangu.

Mwenye bao, Kigoma

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole pale ulipoeleza yale mashimo. Mtu anayeandika hivyo kuhusu ubao wa mninga hatafuti faida, na sitakujibu kama ninayezungumza na mfanyabiashara mjanja.

Nianze kwa kukurudishia jambo lako kama nilivyolisikia, unisahihishe kama nimekosea. Jioni ile ulikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Ulikuwa dalali wa mzee, unayejua siri yake. Ulikuwa mnunuzi, kwa mkono wa mdogo wako. Na ulikuwa mshika saa, ambaye neno lake ndilo linalofunga mnada. Kila kazi peke yake ni halali. Zilipokutana kwako bila mtu mwingine kujua, hakukuwa na namna ya kutuma lile neno "Imefungwa" likawa neno la mnadi tu.

Sasa kuna hesabu moja nataka tuitazame, maana umeibeba kama jiwe. Unasema umemdhulumu mzee 28,000, kwa kuwa kinyozi angefika 90,000. Nina rafiki aliyefundisha uchumi miaka mingi, nikamweleza bila kutaja mtu wala mahali. Aliniambia katika mnada wa wazi kama wenu mshindi halipi kiasi alichokuwa tayari kulipa. Analipa kidogo juu ya pale aliyemfuatia alipochoka. Akanitajia mtaalamu aitwaye William Vickrey, ambaye mwaka 1961 aliandika makala juu ya jambo hili na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Tulifanye kwenye bao lako. Kinyozi ameweka 70,000, ukaongeza dakika tano, mdogo wako akaweka 72,000, kinyozi 74,000, na kuendelea hivyo mpaka mdogo wako akafika 80,000 uliyompa. Kinyozi anaweka 82,000, mdogo wako ananyamaza, mnada umeisha. Mzee angepata karibu 82,000. Hiyo 90,000 isingeonekana kabisa, ingebaki mfukoni mwa kinyozi.

Kwa hiyo pengo ni kama 20,000. Sikuambii hivyo ili kukupunguzia mzigo kwa 8,000. Nakuambia kwa sababu hesabu hii inaonyesha kitu ambacho ile yako ilikificha: wa kwanza kupoteza ni kinyozi. Usiku ule bao lilikuwa linaelekea Gungu. Katika barua yako mzee umemwandika kwa uchungu, lakini kinyozi umempa sentensi chache, na nyingi ni za kumsifu kwa ustaarabu wake. Ni rahisi kumsahau mtu aliyekubali kushindwa bila ugomvi.

Mumeo ana hoja mbili za kweli na sitaki uzitupe. Sheria ya saa ilikuwepo kabla ya bao. Na mzee hakuuza chini ya alichotaka. Lakini hiyo ya pili nina swali nayo. Bei ya chini si bei anayoitaka mtu. Ni bei ambayo chini yake anakataa. Mzee alikupa sakafu, na dari akaliacha mikononi mwako, akiamini utaacha lipande mpaka watu wenyewe wachoke. Kule Ujiji, waliosoma madrasa wanalijua neno najshi, yaani kupandisha bei ya kitu usichotaka kukinunua ili mwingine alipe zaidi, jambo ambalo Mtume alilikataza. Watu wengi wakisikia udanganyifu wa mnada hufikiria huo. Wewe hukufanya huo, na nadhani ndiyo sababu ilikuchukua muda kulitambua ulilofanya. Hukupandisha bei kwa hila. Uliizuia isipande, ukijua pa kuizuia. Hata ile 70,000 ya kinyozi inaonyesha tofauti yenu: yeye aliruka 8,000 kwa mkupuo pengine kwa sababu hakujua kama bei ya chini imefikiwa. Mdogo wako alijua.

Na zile sekunde? Umejihukumu kwamba ulifunga kwa ajili yako, na ushahidi wako ni zile mara mbili ulizoongeza muda. Ni ushahidi mzito, sitauficha. Hata hivyo umesema neno lilikuwa limeshaandikwa na dau la kinyozi halijaingia. Kulituma saa tatu kamili ndiyo kazi yako ya kila Jumapili. Ninachokiona kizito zaidi ni dakika iliyofuata, ulipokuwa na skrinishoti mkononi na nafasi ya kufanya kama ulivyowafanyia wale wawili. Katika mnada wa ana kwa ana nyundo inagonga na wote wanaisikia kwa pamoja. Kwenye simu kila mtu ana nyundo yake, na mtandao wetu mnaujua. Kwa hiyo huenda kosa si kufunga bali kukataa kufungua. Unaweza ukaliona tofauti, maana wewe ndiye uliyekuwepo.

Kuna mahali barua yako ilinigusa kuliko kwingine, na sina hakika kama uliona ulichokiandika. Ulifundishwa bao uani, usiku, wageni wakishaondoka, kwa sababu barazani hukuruhusiwa. Miaka mingi baadaye unalitamani bao kuliko kitu chochote, na njia uliyoiona ya kulipata ni ya uani tena: kwa namba ya mtu mwingine, usionekane. Unasema ungemwambia mzee angekupa bure na watu wangesema. Ulijuaje? Labda angesema, "Lete 60,000 mwanangu, liko kwako." Labda angesema, "Hapana, nataka lipite mnadani, nawe ushindane kama wengine." Yote mawili yangekuwa halali, na kundi lingeweza kuambiwa kabla: admini naye analitaka bao hili, saa ataishika fulani. Sikulaumu. Nauliza tu, ni nani aliyekuambia kwamba ukitaka kitu waziwazi ni aibu? Na kama ni sauti ya zamani sana, je, mzee huyu ndiye mwenye sauti hiyo, au umempa yeye ya wengine?

Basi tutazame njia ulizozitaja.

Kunyamaza. Si njia ya kuidharau. Watu wengi wema wamenyamazia mambo makubwa kuliko hili, na wakaishi. Ukinyamaza, mzee anaondoka na furaha yake, kundi linaendelea, duka linasimama. Lakini siri hii haiko kwako peke yako. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yako imeshaanza kuuliza bei ya chesi. Kunyamaza kwa mtu mmoja ni jambo moja. Kunyamaza kwa wawili, mmoja akiwa ameonja utamu wake, kunahitaji kulipiwa kila mara. Na bao lenyewe je? Utaweza kulicheza? Umesema ukiliona unageuza uso.

Hapo kwa mdogo wako sitazunguka: huo ujumbe mjibu leo, kabla hujaamua lolote jingine. Mwambie bei ya chini hutampa, na kwamba ile ya bao hukupaswa kumpa. Atakuuliza kwa nini sasa. Mwambie kweli. Na kabla hujamweleza mtu yeyote habari ya bao, yeye ajue kwanza, maana namba yake ndiyo iliyoandikwa pale na watu watamtazama yeye kabla yako. Wewe ndiye dada. Ulimwomba, akakutii.

Kumwambia mzee peke yake. Hii naona moyo wako umeielekea, na sababu naielewa. Hatari yake ya kwanza ni kumharibia mtu mzima kumbukumbu nzuri siku chache kabla hajapanda treni, ili wewe ulale vizuri. Jiulize kwa uaminifu unakwenda kwa ajili ya nani. Hatari ya pili ni kwamba anaweza kukusamehe haraka mno. Wazee wetu hufanya hivyo, anasema "Yameisha mwanangu", na unatoka pale ukiwa na msamaha wa mmoja kwa jambo lililowahusu wawili. Faida yake ni kubwa pia. Bao lilikuwa lake, siri ilikuwa yake, naye ndiye mwenye haki ya kusema anachokitaka, ikiwa ni fedha iliyopungua, au bao liende kwa kinyozi, au libaki kwako. Sasa hivi unamchagulia. Ulimchagulia mara moja tayari.

Kumpelekea 20,000 bila kueleza, kama zawadi ya safari? Hukuitaja, lakini najua wazo hilo hupita. Fedha itakuwa imefika. Ila atakuombea dua nyingine, na umeshaniambia ya kwanza ilikufanya nini.

Kurudisha bao na kulinadi upya inaonekana kuwa safi kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi. Siku zimebaki chache. Huenda kinyozi ameshatumia fedha aliyoitenga. Kitu kikirudishwa mnadani watu huanza kunong'ona kina kasoro gani, na bei inaweza kuishia 50,000. Ukiichagua, utahitaji kumhakikishia mzee kwamba 62,000 yake haiguswi hata bei ikianguka, na mnada uendeshwe na mtu mwingine kabisa. Na wewe utalazimika kuamua kama utaweka dau, safari hii kwa jina lako.

Kinyozi nimemwacha kidogo, nirudi kwake. Unaweza kumwendea hata kabla ya kundi. Usimpelekee bao kama hisani, kana kwamba umeguswa tu na watoto wanaocheza pale. Atakushukuru, na shukrani hiyo itakuunguza. Ukienda, nenda na ile skrinishoti yake na zile mara mbili. Anaweza kukasirika. Ana haki. Anaweza kuitangaza mwenyewe kabla hujawa tayari, na hilo ulipime. Lakini fikiria pia anayoyaamini leo: kwamba mtandao ndio uliomwangusha.

Na kundi. Hapa mumeo anaogopa kwa sababu ya msingi, ni mkate wa watoto wenu. Nami sitajifanya kwamba ukweli haugharimu. Watu 140 hawasomi ujumbe kwa moyo mmoja. Wapo watakaofukua minada yote ya miaka minne na kutafuta ilipovuja. Wapo watakaoondoka. Ila kuna jambo mumeo hakulihesabu: kundi lile halikukua kwa sababu ya michezo. Michezo hata dukani ipo. Lilikua kwa sababu mtu wa Kibondo alirudishiwa hela yake yote kwa hati tatu za Monopoly, na nina hakika habari hiyo alimsimulia mwenzake. Wewe ndiye uliyewaonyesha kwamba admini akikosea anasema. Hawatakuwa wanalisikia jambo geni kutoka kwako, ingawa safari hii ni zito zaidi, maana kule ulikosea kuhesabu na huku hukukosea kuhesabu.

Unaweza pia kubadilisha taratibu kwanza, na maungamo yakaja kwa wakati wake, au kwa watu wachache. Kwamba bei ya chini aijue mtu asiyenunua, au itangazwe tu ikishafikiwa. Kwamba mwenye kuendesha akitaka kitu aseme siku ya kwanza na saa ashike mwingine. Kwamba dau la 2:59 lililochelewa njiani lina njia yake ya kuamuliwa, isiyotegemea huruma ya siku hiyo. Kwenye eBay, iliyoanza mwaka 1995, mnada unakatika kwa sekunde na watu wamejenga mazoea ya kuvizia. Lakini pale mnunuzi anaweza kuandika kikomo chake mapema, mfumo ukampandia dau kidogo kidogo, hivyo mtandao ukimkatika hapotezi. Nanyi mnaweza kumpa mtu wa tatu vikomo vyenu kwa siri kabla ya saa tatu. Hatari ya njia hii naiona moja: ukitengeneza sheria nzuri kutokana na kosa usilolisema, kila atakayekusifu kwa sheria hizo atakukumbusha lile bao.

Sijakuambia ushike njia gani, na si kwamba nakukwepa. Mimi simjui mzee, wewe unamjua. Simjui kinyozi anavyopokea jambo. Sijui wewe na mumeo mnaweza kubeba kiasi gani mwezi huu, na ningependa hilo mlizungumze tena, si kama mabishano ya nani ana haki. Mweleze habari ya babu na ua ule. Katika barua yako sikuona mahali ulipomweleza hayo. Labda anadhani unalia kwa ajili ya 20,000.

Kama utakwenda Ujiji kabla treni haijaondoka, nenda na bao. Usiligeuze kuwa mzigo wa kurudisha, hata kama mwisho wake litarudi. Liweke chini kati yenu, barazani pale pale, mchana. Sita kwenye nyumba, mbili na mbili, 22 mkononi. Mengine utayasema kete zikiwa zinatembea, au hutayasema, utajua ukifika. Na kile kifungo cheusi, muulize kilitoka kwenye koti la nani.